Sakafu ya mtumbwi imebonyea mara mbili ya hesabu: namba za faiba zipatikane wapi?

Fundi mmoja wa Goma, anayetengeneza mitumbwi ya faiba, yaani nyuzi za kioo na rezini ya poliesta, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, jambo. Sakafu ya mtumbwi wangu ina tabaka tatu: mkeka wa nyuzi fupi, kitambaa kilichofumwa, halafu mkeka tena. Nimeichora katika CalculiX, programu ya kukokotoa jinsi vitu vinavyopinda chini ya mzigo, nikaweka unene wa milimita 6 na moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu wa maada) ya gigapaskali 15, niliyoikuta kwenye jedwali la mtandaoni la kioo na poliesta. Tulipopakia magunia ya makala, sakafu ikabonyea karibu mara mbili ya ilivyosema programu. Tena programu yenyewe inataka namba tisa za maada, na mimi ninayo moja. Namba za kweli nizitoe wapi, na hapa sina maabara?"

Jambo, fundi. Namba unazozitafuta zimo karakanani kwako. Utahitaji mizani ndogo, kaliper, simu ya mkononi, na tanuru la kuazima kwa siku moja. Jedwali halikukudanganya, lilijibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Sahani ya chuma ukiinunua Goma au hapa Lubumbashi, moduli yake itakuwa gigapaskali 200 hadi 210, hata kama hujui imetoka kiwanda gani. Faiba haiko hivyo. Tabia zake zinapatikana siku ileile umbo linapotengenezwa, kwa mkono wa aliyeshika rola, kwa kiasi cha rezini alichomwaga, kwa baridi ya asubuhi ile. Huku kwetu, ambako viwanda vya shaba vinatumia asidi kwa wingi, mnunuzi wa tangi la faiba mwenye kujua kazi hatosheki na karatasi ya muuzaji. Anataka kile kipande cha duara kinachobaki tangi linapotobolewa ili kupachika bomba, kwa sababu hicho ndicho tangi lenyewe.

Sasa tuiangalie hiyo 15 yako. Uzi wa kioo wa kawaida, ule wa aina ya E, una moduli ya karibu gigapaskali 72. Rezini ya poliesta iliyokauka ina kama 3.5. Kanuni ya kwanza ya fani hii, ambayo mizizi yake iko kwa Mjerumani Woldemar Voigt mwaka 1889, inasema: ukivuta kufuata nyuzi, kila upande unachangia kwa kadiri ya nafasi unayoijaza. Kitambaa kilichofumwa kikipakwa kwa mkono vizuri, kioo hujaza kama asilimia 35 ya ujazo, lakini nusu ya nyuzi zinaelekea upande mwingine na mchango wao huku ni mdogo. Kwa hiyo nusu ya 72 mara 0.35, ujumlishe 3.5 mara 0.65: unapata 14.9. Hiyo ndiyo 15 ya jedwali lako. Ni namba halali kabisa ya tabaka yako ya kati, ikivutwa kwa urefu.

Mkeka ni habari nyingine. Unakunywa rezini nyingi, na kioo hakizidi sana asilimia 20 ya ujazo. Nyuzi zake zimetawanyika kila upande, na kwa mtawanyiko wa namna hiyo Herbert Krenchel wa Denmark alionyesha mwaka 1964 kwamba uhesabu tatu ya nane tu ya mchango wa nyuzi. Basi tatu ya nane ya 72 mara 0.2, ujumlishe 3.5 mara 0.8: ni 8.2. Nayo hiyo ni ya fundi makini. Mkeka uliobaki na mapovu au uliolowa vibaya hushuka hadi 6 au 7.

Mtu atasema: chukua wastani wa tabaka tatu, utapata kama 10.4. Kwa kuvuta, sawa. Sakafu yako lakini haivutwi, inapinda, na hapo mahali pa tabaka ndipo penye uzito wote. Bamba linapopinda, sehemu ya katikati yake karibu haina kazi. Wanaofanya kazi ni wa juu na wa chini. Tabaka tatu zikiwa na unene sawa, ile ya kati inachangia 1 ya 27 ya ukakamavu wa kupinda, na mbili za nje zinabeba 26 zilizobaki. Kitambaa chako cha bei ghali umekificha palepale pasipo na kazi. Ukifanya hesabu, 26 mara 8 ujumlishe 15, ugawe kwa 27, unapata gigapaskali 8.3. Ukagawe 15 kwa 8.3: sakafu itabonyea mara 1.8 ya ilivyosema programu.

Kilichobaki hadi kufika mara mbili, nadhani ni unene. Ulipima milimita 6, au ulizikisia kwa idadi ya tabaka? Ukakamavu wa kupinda unafuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo sakafu yenye 5.8 badala ya 6 imeshapoteza asilimia 10. Mbili za kumi za milimita! Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi kaliper kabla ya kompyuta.

Mtumbwi wako sijauona, na kuna mshukiwa mwingine ambaye hahusiki na faiba: kingo. Katika programu ulisemaje pale sakafu inapokutana na ubavu? Kama uliandika kwamba imekazwa kabisa isigeuke, kumbe imekalia tu ukingo na rezini kidogo, hesabu inapotea vibaya. Boriti iliyoelemewa mzigo sawasawa ikikazwa ncha zote mbili hubonyea moja ya tano tu ya ile iliyokalia tu ncha zake. Kwa hiyo usianze kuhukumu maada kwa kutazama sakafu nzima. Kata vipande, uvipime peke yake, ambako kingo unazijua.

Vipande hivyo uvitoe kwenye bamba la majaribio lililotengenezwa siku moja na sakafu, na mtu yuleyule, kwa rezini ya ndoo ileile. Bamba zuri la maonyesho litakupa namba za maonyesho. Vya kupima kwa simu vikate milimita 300 kwa 50, vitano kwa urefu wa mtumbwi na vitano kwa upana wake. Ukanda wa majaribio ya kuvuta katika viwango vya kimataifa huwa wa milimita 25, lakini nyuzi za mkeka zenyewe kwa kawaida zina urefu wa 50. Ukanda mwembamba unazikata nyingi katikati na kukupa faiba dhaifu kuliko yako. Unene upime mahali kumi kwa kila kipande, kisha uchukue wastani.

Kipande kingine kidogo cha bamba hilohilo, kichome. Kiwango cha ISO 1172 kinasema hivyohivyo: pima kipande, kiunguze kwenye tanuru la nyuzijoto 625 hadi rezini yote iishe, pima kilichobaki. Mafundi wa meno ya bandia wanalo tanuru la namna hiyo, na maabara ya kemia ya chuo huwa nalo pia. Jiko la makala silipendi, maana ukipuliza kidogo tu joto linapanda hadi kioo kinalainika, na moshi wa poliesta si wa kuvuta. Kama uliongeza unga wa chaki au talki kwenye rezini, nao utabaki na kioo. Uukung'ute kabla ya kupima.

Tuseme kilichobaki ni asilimia 35 ya uzito. Usiandike 0.35 kwenye hesabu ya nyuzi! Kioo kina uzito wa kama gramu 2.55 kwa sentimita moja ya ujazo, rezini 1.2. Asilimia 35 ya uzito inageuka asilimia 20 tu ya ujazo, na ujazo ndio unaoingia kwenye kanuni. Kosa hili nimelikuta hata kwenye taarifa zenye mihuri.

Faida nyingine ya kuchoma ni kwamba rezini ikishaondoka, tabaka zinaachana. Unainua mkeka wa juu kwa koleo ndogo, chini yake kitambaa kinalala kimekamilika na mfumo wake, halafu mkeka wa pili. Kila moja unaipima uzito peke yake, unaona ipi iko wapi na ipi ilisahauliwa. Hakuna jaribio jingine la bei hiyo linalokufunulia mpangilio waziwazi namna hii.

Namba zinazotoka kwenye kanuni zichukue kama makisio ya kuanzia. Kufuata nyuzi, kanuni ya Voigt ni nzuri na karibu kila mtu anakubaliana nayo. Kukatiza nyuzi, mambo ni ugomvi. Tuchukue maada yenye nyuzi za upande mmoja, nusu kioo nusu rezini. Kanuni ya András Reuss ya mwaka 1929 inakupa gigapaskali 6.7 kwa upande wa kukatiza. Kanuni ya Halpin na Tsai, ambayo programu nyingi zinaitumia, inakupa 11.5. Nyuzi zilezile, rezini ileile. Upande huo rezini ndiyo inayotawala, na umbo la nyuzi, mapovu na mshikamano wa kioo na rezini vyote vinaingilia. Anayekupa namba ya kukatiza nyuzi bila kuipima amekisia tu.

Basi tupime. Jaribio ninalolipenda kwa karakana isiyo na mashine ni la kugonga. Chukua kipande cha milimita 300, kilaze juu ya nyuzi mbili zilizotandazwa, kila uzi uwe milimita 67 kutoka ncha. Sehemu hizo mbili kipande kikitetemeka hazisogei, kwa hiyo uzi haukisumbui. Weka simu chini ya katikati, ifungue kwenye programu ya kuchambua sauti. Phyphox ya chuo cha RWTH Aachen ni ya bure na inatosha. Gonga katikati ya kipande, katikati pia ya upana wake, kwa kitu chepesi kama kifuniko cha kalamu, ukitoe haraka. Kwenye kioo cha simu utaona kilele kirefu. Ukigonga pembeni kitajitokeza kingine cha kujisokota. Hicho kiache kwanza.

Kanuni ni hii, nayo ni ya kiwango cha ASTM E1876: E = 0.9465 × (m × f² ÷ b) × (L ÷ h)³, ambapo m ni uzito kwa kilo, f ni marudio kwa hezi (mitetemo kwa sekunde), b upana, L urefu na h unene, vyote kwa mita. Kipande chako kikiwa na gramu 130, unene wa milimita 5.8, na kilele kikasimama kwenye hezi 155, jibu ni gigapaskali 8.2. Ingekuwa kweli ni 15, simu ingekuonyesha karibu hezi 210. Tofauti kama hiyo haihitaji maabara kuiona.

Kisha upime kwa mzigo pia, maana sauti na magunia haviulizi kitu kimoja. Kipande cha urefu wa milimita 450 na upana uleule wa 50 kiweke juu ya nondo mbili zilizoachana milimita 400, uning'inize katikati bidoni lenye lita 5 za maji, uzito wa bidoni tupu uuongeze. Kwa 8.3 kitashuka karibu milimita 10. Kwa 15 kisingezidi 5.5. Andika kilivyoshuka baada ya dakika moja, kisha baada ya saa, kisha asubuhi. Poliesta hulegea polepole chini ya mzigo, hasa kama haikupata joto la kuikausha vizuri, na usiku wa Goma, kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, si wa joto. Simu ilikisikiliza kipande kikitetemeka mara 155 kwa sekunde moja. Magunia yako yanalala juu ya sakafu usiku mzima. Namba ya asubuhi ndiyo ya magunia.

Twende kwenye zile tisa. Kwa bamba jembamba kama lako zinazoamua ni nne: moduli ya urefu, moduli ya upana, uwiano wa Poisson, yaani jinsi maada inavyosinyaa kwa upana inapovutwa kwa urefu, na moduli G, yaani jinsi bamba linavyokataa mraba wake kulemaa kuwa msambamba. Tano zinazobaki zinahusu unene wa bamba. Ziweke kwa kukisia, endesha programu, kisha zizidishe mara mbili uendeshe tena. Sakafu ikibaki palepale, achana nazo. Jaribu mchezo huohuo na unene wa bamba uone itakavyoruka.

Kwa zile nne, moduli mbili umeshazipata kwa vipande vya urefu na vya upana. Poisson na G hazionekani katika vipande vyembamba vinavyopinda. Ungegonga vipande mia katikati usizipate. Zote mbili zinaonekana katika bamba. Hugo Sol wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel aliijenga njia hii mwaka 1986: bamba linaachwa huru, linatetemeshwa, na marudio yake machache ya kwanza yanalinganishwa na ya kompyuta. Kata mraba wa milimita 300, ulaze katikati yake juu ya sponji ndogo, ugonge pembeni karibu na kona. Kilele cha chini kabisa ni cha bamba kujisokota, kona mbili za mkabala juu na mbili chini, na hicho kinasimamiwa na G. Vinavyofuata, bamba linapojikunja kama tandiko na linapofura katikati, ndivyo vinavyomjua Poisson.

Upande wa kompyuta, chora mraba huohuo katika CalculiX kwa tabaka zake tatu, usiushike popote, uiombe programu marudio yake ya asili. Sita za mwanzo zitakuwa karibu na sifuri. Hilo ni bamba linaloelea tu, usishtuke. Ya saba ndiyo ya kujisokota. Sogeza G hadi ya saba ikutane na simu, kisha Poisson hadi zinazofuata zikutane, halafu rudi kwenye moduli mbili uzirekebishe kidogo. Mizunguko michache inatosha. Anza na Poisson ya 0.3 na G ya gigapaskali 3, hutakuwa mbali.

Hapa ndipo wenye kompyuta nzuri wanapojidanganya kuliko wenye kaliper. Programu ukiiachia namba tisa izisogeze inavyotaka, itakutana na vipimo vyako vizuri mno, kwa namba zisizo na maana. Namba ambayo jaribio haliigusi itakaa popote. Na kosa la unene programu hailioni: ukiiambia 6 kumbe ni 5.8, italificha kosa hilo ndani ya moduli. Bamba lako litakuwa sahihi, mtumbwi wa mwaka ujao wenye unene mwingine hautakuwa sahihi. Kwa hiyo weka kando kipande kimoja ambacho hukukitumia kurekebisha chochote, kwa mfano kile cha bidoni. Namba zako zikikitabiri hicho, ziamini.

Haya yote ni ukakamavu. Hayasemi faiba itavunjika lini. Kwa hilo lazima uvunje vipande, na matokeo yatatawanyika zaidi. Wala hayasemi lolote kuhusu mtumbwi kupinduka. Boti iliyotoka Minova na kuzama katika Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, hapo Goma, tarehe 3 Oktoba 2024 ilikuwa imejazwa watu kupita kiasi, na hakuna moduli inayolijibu hilo. Vipande viwili vitumbukize ziwani mwezi mzima uvigonge tena, kwa sababu maji yakiingia kwenye rezini ukakamavu unapungua.

Sakafu yenyewe nayo? Kwa mtumbwi unaofuata, geuza mpangilio: kitambaa juu na chini, mkeka katikati. Kwa unene sawa hesabu inakuwa 26 mara 15 ujumlishe 8, ugawe kwa 27, karibu gigapaskali 14.7, ingawa vitambaa sasa ni viwili na gharama inapanda. Hilo ni la sakafu tu. Upande wa maji acha mkeka nje, kwa sababu rezini yake nyingi ndiyo inayozuia maji. Kwa sakafu ambayo tayari ipo, kurudi kwenye ukakamavu ulioutarajia kwa kuongeza tabaka kunataka unene ufike milimita 7.3 hivi, na huo ni uzito mwingi. Mimi ningebandika mbavu mbili tatu za povu gumu chini yake na kuzifunika kwa kitambaa, baada ya kuchunguza zile kingo.